Mshale Usiotulia

Elburgon
4 Machi 2024

Kwako Wanjugu,

Nakusalimu kutoka huku kwa baridi. Sisi tupo, Mungu hajatuacha. Baba yako amemaliza kupanda viazi na sasa analia mgongo, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza ni nani atapalilia. Binamu yako Kui amejifungua msichana Ijumaa iliyopita. Kilo tatu na nusu, na sauti ya kusimamisha lori. Wamempa jina langu, kwa hivyo usije mikono mitupu.

Najua utasema mbona anti hapigi simu. Nilikuambia tangu ukiwa haiskuli, simu ni ya kuuliza kama mtu amefika. Maneno ya kukaa nayo yanataka karatasi.

Sasa jambo lenyewe. Ile programu ya kampuni yenu imefika hapa kwa yadi ya mbao. Walileta kompyuta mpya tatu, wakachukua daftari zangu za lori, za miaka ishirini na miwili, wakazitupa stoo. Nilipoona jina la kampuni yenu kwa skrini nilisimama nikawatangazia wote, makarani na madereva: "Hii imetengenezwa na mtoto wa ndugu yangu. Nimemlea mimi." Kiprugut, meneja wetu, akasema basi mimi ndiye nitaijua wa kwanza. Nikasema bila shaka.

Ni nzuri. Ni safi, inang'aa.

Kuna rafiki yangu hapa ana swali, nikamwambia nitakuuliza. Vile vitufe vya kuidhinisha lori litoke, vinavyotokea ukipeleka mshale juu ya mstari halafu vinapotea mshale ukitoka, kuna njia ya kuviambia vikae? Si haraka. Ni yeye tu anauliza.

Utaona nimepiga chapa. Kalamu za siku hizi hazina wino.

Anti yako,
Rahab


Nakuru
19 Machi 2024

Anti wangu mpendwa,

Barua yako nilipewa na dereva wa mbao, ikiwa na alama ya grisi na harufu ya mbao za sipresi. Niliinusa kwanza kabla ya kuisoma. Mwambie Kui hongera sana, na mtoto nitamletea shuka nzito kwa sababu hiyo baridi yenu naijua. Mimi niko salama hapa Kaptembwo. Maji yanakuja mara mbili kwa wiki, na jirani wa juu ananunua viti vipya kila mwezi na kuviburuta kila jioni, lakini kazi si mbali na sijakosa chakula.

Anti, unajua hivyo vitufe vinavyojificha ni wazo langu? Zamani kila mstari wa lori ulikuwa na vitufe vinne. Lori thelathini kwa ukurasa, hebu hesabu. Skrini ilikuwa kama soko la Jumamosi. Nikasema tuvifiche vyote, mtu akileta mausi juu ya mstari ndipo vitokee. Siku tuliyowaonyesha wateja, walipiga makofi. Jalal, mkubwa wetu, alinifanya kiongozi wa wenzangu wiki iyo hiyo. Sikukuambia kwa simu kwa sababu nilitaka uisome.

Mwambie rafiki yako aende polepole na atulize mkono. Ni mazoea tu. Wiki mbili atakuwa amezoea.

Na hizo kalamu zisizo na wino, nikutumie za huku? Barua yako haikuwa na mwandiko wako, nikahisi kama nimeandikiwa na benki.

Mtoto wako,
Wanjugu


Elburgon
27 Mei 2024

Wanjugu,

Amani kwako. Nimekaa kimya, naomba usihesabu. Mvua ilikata barabara ya msituni mara mbili na kazi ikavurugika. Viazi vya baba yako vimeota vizuri upande wa juu, upande wa chini vimeoza. Mtoto wa Kui anacheka sasa.

Nilimwambia rafiki yangu maneno yako. Anajaribu kutuliza mkono.

Kiprugut ameniambia saa za mchana niwe nakaa kule getini, nihesabu mbao kwa macho zikitoka. Asubuhi bado niko kwa kompyuta. Getini hewa ni safi.

Kalamu usitume.

Rahab


Nakuru
15 Juni 2024

Anti,

Sitauliza habari za nyumbani leo, nisamehe. Nikianza na viazi sitafika kwa jambo lenyewe.

Jumanne nilikuwa Elburgon. Jalal alinituma Molo kukagua kompyuta za yadi ya huko, nikateremka kwenu kwa saa moja nikitaka kukushtua. Nilipita nyuma ya lori lililokuwa limesimama mbele ya dirisha lako, na kutoka hapo nikakuona.

Niliona mkono wako wa kulia.

Niliona ukiupeleka mshale juu ya mstari, vitufe vikatokea, mkono ukaruka, vikapotea. Ukaanza upya. Ukaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, kama mtu anayeshika kuku asiponyoke. Mara ya nne ulipata kitufe, lakini kilikuwa kile cha kukataa lori badala ya kuidhinisha. Dereva akakuambia, "Mathe, tunangoja tangu saa mbili." Wewe ukamjibu, "Ngoja kidogo baba, mashine inafikiria." Mashine haikuwa inafikiria, anti. Mashine ilikuwa inafanya vile nilivyoiambia mimi.

Sikuingia. Nilirudi barabarani nikapanda gari la Nakuru.

Kuna lingine, na ndilo linalonichoma zaidi. Wateja wakiwa na shida hutuandikia, na mimi ndiye hufunga malalamiko. Niliporudi nilifungua ya tangu Machi. Kumi na moja yalitoka Elburgon, yote yakiwa na sahihi ya "Karani". "Vitufe vinakimbia." "Maelezo ya vile vipicha vya vitufe yanapotea kabla sijayasoma." "Nikitumia kibodi sijui niko wapi." Kila moja nililifunga kwa maneno matatu: mtumiaji hajazoea bado. Wakati mwingine nililifunga nikiwa nakunywa soda.

Hakukuwa na rafiki. Ulikuwa ni wewe.

Ni tangu lini, anti? Na kwa nini hukuniambia?

Wanjugu


Elburgon
24 Juni 2024

Wanjugu,

Tuko wazima. Mtoto ameota jino. Sasa nisikize.

Ulinichungulia kama mwizi wa kuku, halafu ukaenda bila hata kunywa chai yangu. Hilo nitakulipizia siku nyingine.

Mkono ulianza Julai mwaka jana. Nilidhani ni baridi. Nilikwenda hospitali hapo Nakuru na nikarudi bila kupitia kwako. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu. Hauniui, lakini hautarudi nyuma. Sikumwambia baba yako, sikumwambia Kui, sikuwaambia kanisani. Ulipopanda cheo kwa ajili ya vile vitufe, ningekuandikia nini? Kwamba kitu kilichokupandisha ndicho kinaniangusha? Ungefanyaje wewe?

Sasa umejua, basi jua yote. Kiprugut amenipa mpaka mwisho wa Agosti. Mwisho wa mwezi huo mwenye yadi, Bwana Musab, atakuja kukagua kazi, na kama foleni ya lori itakuwa bado inafika barabarani, nitapewa barua ya kunitoa kazini. Kiprugut si mtu mbaya. Alinieleza akitazama chini.

Lakini sitaki unihurumie. Umenisikia? Nikitaka huruma nitakwenda kwa pasta. Mimi ninataka programu ifanye kazi.

Mwaka wa themanini na tisa nilisomea kupiga taipu hapo Nakuru, na mwalimu wetu alikuwa anafunika vidole vyetu kwa gazeti ili tusivitazame. Vidole vyangu vinaijua kibodi kuliko vinavyojua ugali. Mkono ukitetemeka, kitufe cha kibodi nikishakigusa kimeguswa, hakuna mjadala. Barua hii nimeiandika kwa dakika kumi na mbili. Ni mausi peke yake iliyonikataa.

Kwa hivyo nikaiacha nikajaribu kutumia kibodi. Nabonyeza Tab, najua kuna kitu kimesogea mahali fulani, lakini sikioni. Ni kama kutembea gizani kwa nyumba ya watu stima ikiwa imepotea. Nabonyeza Enter bila kujua nimefungua mlango au kabati. Na vile vitufe vinne havitokei kabisa kwa mtu wa kibodi. Vinamngoja mausi kama bibi harusi.

Tengeneza hayo. Una wiki tisa.

Rahab


Nakuru
13 Julai 2024

Anti Rahab,

Nakusalimu wewe, na jino la mtoto, na mgongo wa baba. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Chai nitakuja kuinywa, na matusi nitayapokea pamoja nayo.

Nilimwendea Jalal kesho yake asubuhi. Nikamwambia vitufe vinavyojificha lazima vibadilishwe. Akanitazama kama nimesema tubomoe ofisi.

"Wanjugu, hiyo ndiyo sehemu watu waliipenda zaidi."

"Walioipenda waliiangalia tu. Hawakuitumia."

"Ni mtu mmoja, Elburgon."

Niliinama chini ya meza yake nikachomoa mausi, nikaiweka mfukoni mwangu. Nikamwambia, "Boss, idhinisha lori moja. Moja tu, halafu nitanyamaza."

Alicheka. Wenzangu wakasogea, Becky akaleta kiti kabisa. Jalal akabonyeza Tab. Akabonyeza tena. Akasogeza uso karibu na skrini. Alibonyeza kama mara ishirini, kisha Enter, na ukurasa wote ukafungika. Akaanza upya, ukafungika tena. Dakika sita, anti, na yeye ndiye mwenye kampuni. Mwishowe akaegemea nyuma na kuuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mimi niko wapi hapa?"

Nikamwambia, "Hilo ni lalamiko namba saba kutoka Elburgon. Nililifunga mimi."

Amenipa wiki tatu na Becky wa kunisaidia.

Acha nikueleze kosa langu lilikuwa nini. Kwa kompyuta, mahali mshale ulipo na mahali kompyuta inakusikiliza ni vitu viwili. Mahali inakusikiliza tunaita fokasi. Ukibonyeza Enter, anayeitika ni mwenye fokasi, hata kama mshale umelala kona nyingine. Kwa kawaida fokasi ina fremu inayoizunguka, ili mtu aione. Mimi niliifuta ile fremu kwa mkono wangu kwa sababu niliona inaharibu sura. Ndiyo maana ulikuwa unatembea gizani. Stima niliizima mimi.

Sasa fremu imerudi. Mstari ukipata fokasi, vitufe vyake vinatokea sawa na vile vinatokea kwa mausi. Na kwa anayetumia mausi, mshale ukiteleza nje vitufe vinangoja kidogo kabla ya kuondoka.

Nimeweka programu kwa flashi ndani ya bahasha hii, na nimeomba ruhusa kwa Kiprugut uijaribu. Usiniambie ni nzuri. Niambie ukweli.

Wanjugu


Elburgon
5 Agosti 2024

Wanjugu,

Salamu za hapa ni zile zile. Baba yako amevuna magunia kumi na nne na anatembea kama chifu.

Si nzuri.

Fremu naiona, asante, siku ya kwanza nilikaribia kupiga vigelegele. Lakini nikishaidhinisha lori moja, hiyo fokasi yako inaruka mpaka juu kabisa ya ukurasa. Nabonyeza Tab mara kumi na tisa kurudi nilipokuwa. Kwa lori kumi hizo ni Tab mia moja na tisini. Mwalimu wangu wa taipu angekuchapa.

Pili, yale maelezo madogo ya vitufe yanayotokea yanafunika namba ya gari, na hayaondoki mpaka niondoke mimi. Mgeni asiyejua kuaga.

Tatu, na hili ni baya. Alhamisi mshale ulikuwa umelala juu ya lori la Gachanja, lile la kwenda Njoro. Mimi na fokasi yangu tulikuwa kwa lori lingine. Mistari miwili ikawaka rangi moja! Nikaona wa Gachanja unawaka, nikabonyeza Enter, na kumbe nimeidhinisha lile lingine, ambalo mbao zake hazikuwa zimepimwa. Lilikuwa limeshafika getini. Nilikimbia, Wanjugu. Umri huu, kwa matope, nikipunga mkono ambao hata hauhitaji kupungwa. Nikalisimamisha. Kiprugut aliona yote, akageuka akaingia ofisini, na hilo ndilo lililonitisha.

Sijavunjika moyo. Nimekasirika tu. Rekebisha.

Rahab


Nakuru
14 Agosti 2024

Anti,

Nakuandikia kwa haraka, dereva anangoja barua hii na flashi mpya. Umenionyesha kitu ambacho watu sita wa ofisi hii hawakukiona. Mshale sasa unapaka kivuli cha kijivu tu, hafifu. Fokasi ina fremu nene ya buluu, na hakuna siku utaona fremu mbili. Ukiidhinisha lori, fokasi inashukia kwa lori linalofuata yenyewe. Maelezo yanakaa pembeni ya namba ya gari, na ukibonyeza Escape yanaondoka bila wewe kuhama.

Jalal alikuja akasimama nyuma yangu nikimaliza. Mimi nilidhani anataka kulaumu. Akasema, "Mwambie karani wa Elburgon hajakosea hata mara moja."

Nakuombea.

Wanjugu


Elburgon
31 Agosti 2024

Mwanangu Wanjugu,

Leo sikusalimu, leo nakupigia kelele! Keti chini.

Jana, Ijumaa, ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Barabara ya msituni ilikuwa imefungwa siku tatu kwa mvua, ikafunguliwa jana hiyo hiyo alfajiri. Nilipofika kazini lori kumi na saba zilikuwa zimejipanga mpaka kule kwa kinyozi. Nikasema Bwana, umeamua tumalizane leo.

Bwana Musab alifika saa mbili na nusu akiwa na viatu visivyojua matope. Kiprugut akatuketisha: mimi kompyuta ya kwanza, Kimberly ya pili na mausi yake. Kimberly ni msichana mwepesi, anajua kompyuta tangu shule. Ile ya tatu ilikuwa imekataa kuwaka.

Nikaanza. Nikasoma namba, nikabonyeza kitufe cha mshale wa chini, Tab, Enter. Fremu ikashuka. Nikasoma namba, Tab, Enter. Lori la tatu, la nne. Wanjugu, sijui nikuelezeje. Ilikuwa kama ule mwaka wa themanini na tisa, gazeti likiwa juu ya vidole. Nilikuwa sioni mikono yangu. Naona namba za magari tu na kusikia sauti ya injini zikiondoka moja moja. Lori la tano lilikuwa na kibali kilichokwisha muda, nikalikataa kwa kitufe kile kile cha kukataa ambacho zamani nilikuwa nakigonga kwa bahati mbaya. Safari hii nilikusudia.

Nilipofika la nane nikahisi mtu nyuma yangu. Bwana Musab.

"Mathe, mausi yako iko wapi?"

"Sijui, boss. Sijaihitaji."

Nikajua anautazama mkono, kwa sababu nilikuwa nimeupumzisha juu ya meza nikingoja dereva alete karatasi, na ulikuwa unacheza kama jani. Kiprugut akakohoa. Zamani ningeuficha chini ya kitenge. Nikauinua, Wanjugu. Nikauinua juu wote wauone, Kimberly, madereva dirishani, wote.

Nikasema, "Huu mkono unatetemeka tangu mwaka jana. Sasa mmejua. Lori linalofuata!"

Gachanja ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga honi. Halafu wa nyuma yake akapiga. Halafu foleni nzima ikapiga mpaka kinyozi akatoka na wembe mkononi kuuliza ni harusi ya nani.

Saa tano kasoro robo barabara ilikuwa tupu. Lori kumi na saba. Kumi na moja zilikuwa zangu.

Bwana Musab alimwita Kiprugut kando, na mimi nilisikia kwa sababu sikujifanya sisikii: "Huyu ndiye ulitaka nimwandikie barua ya kumtoa?" Kiprugut akasema, "Nilikuwa nimekosea, boss." Kisha akaja akaniambia mimi pia, akinitazama machoni. Nikamwambia yameisha. Kuanzia Jumatatu nakaa kwa kompyuta siku nzima, na Kimberly ameniomba nimfundishe kuacha mausi. Anasema mkono wake haumsumbui, ila amechoka kushindwa na mzee.

Jioni niliwaita baba yako na Kui nikawaonyesha mkono. Baba yako alilia kidogo, halafu akanigombeza sana, halafu akaniletea gunia la viazi. Ndivyo alivyo.

Wewe uliniambia mashine ilikuwa inafanya vile uliiambia. Basi jana pia ilifanya vile uliiambia. Jivunie, mwanangu. Mimi najivuna mpaka majirani wamechoka.

Anti yako,
Rahab


Nakuru
2 Oktoba 2024

Anti wangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka nikujibu na habari nzima. Barua yako niliisoma peke yangu nikacheka na kulia, kisha nikampelekea Jalal. Akaiomba abaki nayo siku moja. Alipoirudisha alisema mambo mawili. La kwanza, programu mpya iende kwa wateja wote, si Elburgon tu. La pili, tangu sasa hakuna kitu kitakachotoka hapa kabla hujakijaribu wewe. Anataka ulipwe kwa kazi hiyo, na anangoja umwambie masharti yako. Nimemwonya kwamba masharti yatakuwa mengi.

Ilitoka wiki iliyopita. Jumatatu nilifungua sanduku la malalamiko polepole, kwa sababu siku hizi nasoma kila moja mpaka mwisho na jina la aliyeandika. Kulikuwa na ujumbe mmoja tu, kutoka kwa mtu nisiyemjua. Anaitwa Chelagat, karani wa stoo ya mbao huko Longonot. Anasema mkono wake wa kulia haukunjiki tangu alipoanguka na pikipiki, na kwa miezi saba amekuwa akimwomba mwenzake ambonyezee. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyaandika:

"Leo nimetoa lori zangu zote mwenyewe, kwa kibodi. Yule niliyekuwa nikimsumbua ameketi hapo nje anakunywa chai, na hajui la kufanya na mikono yake."

Niliyasoma kwa sauti. Becky akapiga meza kwa ngumi zote mbili. Jalal, ambaye hajawahi kuinua sauti, alipanda juu ya kiti. Anti, tulishangilia mpaka watu wa duka la chini wakapanda ngazi kuuliza kama tumeshinda bahati nasibu.

Nikawaambia bahati haimo, lakini tumeshinda.

Wanjugu